Caroline Norton: mama aliyenyanganywa watoto, akapigania sheria

Mwaka 1836, katika muji wa London, Uingereza, mama mumoja aliambiwa kama watoto wake watatu wamebebwa na hawatarudi kwake. Mukubwa alikuwa na miaka 6, mudogo hakufikisha hata 3. Baba yao ndiye aliyewaondosha. Mama alipouliza wenye kujua sheria, jibu lilikuwa fupi: watoto ni wa baba. Huyo mama aliitwa Caroline Norton. Alikuwa mwandishi anayejulikana sana, lakini mbele ya sheria hakuwa na haki ya kuona hata mutoto mumoja.

Alizaliwa mwaka 1808 katika jamaa ya Sheridan, jamaa yenye jina kubwa lakini bila franga. Baba yake alikufa mapema, na mwaka 1827, akiwa na miaka 19, Caroline aliolewa na George Norton, avoka na mubunge. Mapigo yalianza mapema, ndoa ikiwa ingali mupya. George alimupiga mateke, na siku moja alimuchoma mukono na birika ya moto. Mwaka 1835, Caroline akiwa na mimba, alimupiga mupaka mimba ikatoka. Na huyo bwana alikuwa hakimu: muchana alikaa tribinali kuhukumu wengine. Caroline mwenyewe ndiye aliyemuombea ile kazi kwa Lord Melbourne, mukubwa wa serkali aliyekuwa rafiki yake.

Mara mingi alikimbilia kwa ndugu zake, kisha akarudi juu ya watoto. Sheria ya wakati ule ilihesabu kurudi kuwa kusamehe. Basi mapigo yote ya nyuma hayakuweza tena kuwa sababu ya kuomba kutengana.

Katika mwezi wa 6, mwaka 1836, George alishitaki Lord Melbourne, ambaye sasa alikuwa waziri mukuu. Alisema amezini na bibi yake, akaomba alipwe pauni 10 000. Caroline hakuruhusiwa kujitetea. Kesi ilikuwa ya wanaume wawili, na sheria ilihesabu bibi na bwana kuwa mutu mumoja, na huyo mumoja alikuwa bwana. Raia waliochaguliwa kuamua hawakutoka hata inje ya chumba. Walikataa mashitaka palepale. Melbourne alibaki katika kazi yake. Caroline alibaki na jina lililochafuliwa, na watoto hawakurudi.

Ndipo akaingiza kalamu katika vita. Aliandika vitabu vidogo juu ya mama wanaonyanganywa watoto. Kimoja alikitia jina la mwanaume, Pearce Stevenson, ili wabunge wakisome bila kuzarau. Mubunge Thomas Talfourd, ambaye naye alikuwa avoka, alipeleka mupango wa sheria bungeni. Mwaka 1838 Baraza la Malodi liliukataa. Mwaka 1839 ukapita. Kwa mara ya kwanza, mama aliyetengana na bwana yake aliweza kuomba tribinali imuachie watoto wasiofikisha miaka 7, na ruhusa ya kuona wale wakubwa. Lakini ile sheria haikusaidia mama aliyehukumiwa kwa uzinzi, wala yule asiyekuwa na franga za kufika tribinali.

Haikumusaidia hata Caroline. George aliweka watoto Scotland, mahali ile sheria haikufika. Mwaka 1842, William, mutoto wa mwisho, alianguka kwenye farasi. Mama alipofika, mutoto alikuwa amekwisha kufa. Nyuma ya hapo tu ndipo baba alilegeza, wale wawili wakaanza kukaa na mama yao mara kwa mara.

Ikabaki franga. Vitabu vya Caroline viliuzwa, lakini kisheria kila kitu alichopata kilikuwa cha bwana yake. Mwaka 1848 George alitia sahihi kwamba atakuwa anamupa kitu kila mwaka, kisha akaacha kulipa. Mwaka 1853, mambo yalipofika tribinali, ule mukataba ulionekana hauna nguvu, juu mwanamuke aliyeolewa hakuweza kufanya mukataba na bwana yake.

Hapa kwetu Congo, hii haiko hadisi ya mbali. Kanuni ya familia ya mwaka 1987 iliomba mwanamuke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana yake kwa matendo mingi ya kisheria. Sheria ya tarehe 15 mwezi wa 7, mwaka 2016, ndiyo iliyoondoa ile ruhusa.

Mwaka 1855 Caroline aliandikia malkia Victoria barua ya wazi, akaeleza mambo ya ndoa yake mbele ya watu wote. Sheria mupya ya ndoa ilipita mwaka 1857: mwanamuke aliyeachwa na bwana yake aliweza kulinda franga za kazi yake, na aliyetengana kisheria aliweza kushitaki kwa jina lake mwenyewe. Hata hivyo, bwana aliweza kuomba talaka juu ya uzinzi peke yake, lakini bibi alipaswa kuhakikisha uzinzi pamoja na kosa lingine, kama vile ukali. Caroline mwenyewe hakuomba usawa. Alisema wazi kama haamini mwanamuke na mwanaume ni sawa. Aliomba sheria imulinde tu. Kuna waliomulaumu juu ya hiyo.

George alikufa mwaka 1875. Katika mwezi wa 3, mwaka 1877, Caroline aliolewa na rafiki yake wa siku mingi, William Stirling Maxwell. Mwezi wa 6 wa mwaka uleule akafariki.

Mwaka 1878, nyuma ya kampeni ya mwandishi Frances Power Cobbe, bunge lilipitisha sheria ingine. Kama mwanaume amehukumiwa kwa kupiga bibi yake vibaya, hakimu aliweza kuamuru watengane, bwana alipe matunzo, na watoto wasiofikisha miaka 10 wabakie kwa mama. Tangu Caroline aolewe, ilikuwa imepita miaka 51.