Sheikh Al-Amin: Kadhi Aliyeandika kwa Lugha ya Nyumbani

Nikimtaja Profesa Ali Mazrui, kila mtu hapa shuleni atasema anamjua. Lakini nikimtaja babake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, darasa zima kimya! Hilo ndilo lililonisukuma kuandika, kwani mimi naona sisi wa Chama cha Kiswahili tuna deni kwa yule mzee, awe msomaji ni Mwislamu au si Mwislamu.

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka wa 1891. Ukoo wake ndio uliotawala Mombasa mpaka mwaka wa 1837, ulipong'olewa na Seyyid Said. Kwa hivyo alizaliwa katika nyumba iliyopoteza ufalme lakini haikupoteza vitabu. Babake, aliyekuwa mwanachuoni, alifariki mwaka wa 1894, mtoto hata hajajua kusoma. Akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Baadaye alikwenda Unguja kusoma kwa mabingwa wawili wa zama hizo, Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdalla Bakathir. Vilevile alikuwa akisoma jarida la Al-Manar lililotolewa Cairo na Rashid Rida, ambalo lilikuwa likiwahimiza Waislamu wajitazame upya, waache uvivu wa akili na warudi kwenye elimu.

Sasa hebu tufikirie hali ilivyokuwa. Elimu ya dini ilikuwa ndani ya vitabu vya Kiarabu. Mtoto akienda chuoni, yaani madrasa, anafundishwa herufi, anahifadhi sura, anahitimu, wazazi wanafurahi. Ukimuuliza maana ya alichokisoma? Lo! Wengi hawakuwa nayo. Hata mimi mwenyewe niliweza kusoma sura nzima nzima bila kukosea irabu kabla sijajua neno moja linasema nini, na najua si mimi peke yangu. Si kwamba Kiswahili hakikuwa na mafunzo ya dini. Yalikuwepo tangu kale, ila mengi yalikuwa katika tenzi. Mwana Kupona, kwa mfano, alimtungia bintiye wasia wa adabu mwaka wa 1858, na mpaka leo tunausoma. Lakini utenzi ni utenzi. Mtu anayetaka kujua kwa nini ni haramu kumpunja mteja, au vipi agawe urithi, anahitaji maneno ya kawaida kama yale anayozungumza sokoni.

Basi Sheikh Al-Amin akaamua kuandika kwa maneno hayo. Mwaka wa 1930 alianza kutoa gazeti dogo lililoitwa Sahifa, na mwaka wa 1932 akatoa lingine, Al-Islah, maana yake matengenezo, lililokuwa na Kiswahili na Kiarabu. Magazeti hayo hayakudumu miaka mingi. Hata hivyo, hayo ndiyo yanayotajwa kuwa magazeti ya kwanza ya Kiislamu kwa lugha yetu.

Na alikuwa akiandika nini? Hapa ndipo anaponifurahisha. Wengi tungedhani kadhi ataandika juu ya udhu na saumu tu. La hasha! Aliandika juu ya tabia. Aliwakemea watu waliokopa na kuuza mali yao ili wafanye harusi za kujionyesha, kisha wakabaki maskini. Aliwakemea waliowaiga Wazungu katika mavazi na ulevi, na papo hapo akawaambia kuwa Wazungu hao wana mambo mema ya kuigwa: bidii ya kazi, umoja, na kupenda elimu. Yaani kosa halikuwa kuiga, kosa lilikuwa kuchagua vibaya. Alisisitiza watoto wasomeshwe elimu ya dini na ya dunia pamoja, na wasichana nao wasiachwe nyuma. Kumbukeni huo ni mwanzo wa miaka ya thelathini. Maneno kama hayo hayakumfurahisha kila mtu. Tena aliwapinga waziwazi wale walioyapa mazoea ya mababu nguvu ya dini, na wapo walioudhika naye kwa hilo. Mimi naona ujasiri wake uko hapo hasa, kwa sababu ni rahisi kumsema mgeni, lakini jirani yako wa mtaani utakutana naye kesho msikitini.

Kuna jambo moja ambalo watu humsaili nalo. Mwaka huohuo wa 1932 alifanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka wa 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Cheo hicho kilikuwa chini ya serikali ya Waingereza. Je, mtu anayewaonya wenzake wasimezwe na Wazungu, akubali kazi kwao? Tulibishana sana juu ya hili chamani na hatukuafikiana. Rai yangu ni kwamba ndoa, talaka na mirathi ya watu zilikuwa zikipita mikononi mwa kadhi, na afadhali kiti hicho akikalie mtu wa elimu na haki. Anayepinga na aandike toleo lijalo!

Kando ya ukadhi hakuacha kufundisha wala kuandika. Alitunga vitabu vya kuwasomesha watoto dini. Kwa Kiarabu aliandika historia ya ukoo wake wa Mazrui, iliyokuja kuchapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka wa 1995. Alianza pia kuifasiri Kurani kwa Kiswahili na kueleza maana zake. Tafsiri ya Kiswahili ilikwisha kuwepo tangu mwaka wa 1923, ila ilitolewa na mmishenari, Godfrey Dale, na Waislamu hawakuikubali. Sheikh hakujaaliwa kuimaliza yake. Alifariki mwezi wa Aprili 1947. Mwanawe Ali alikuwa na umri wa miaka kumi na minne tu, na babake alikuwa amemtarajia aende Al-Azhar, Misri, akawe mwanachuoni wa dini. Mambo yakaenda vingine, kama tunavyojua.

Kazi ya tafsiri iliendelezwa na wengine. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu mwaka wa 1963, alizitoa sehemu alizoziacha mwalimu wake. Aliyemfuata katika cheo, Sheikh Abdulla Saleh Farsy, akachapisha Kurani nzima kwa Kiswahili mwaka wa 1969. Leo ukiingia nyumba nyingi za Waislamu hapa pwani utaikuta rafuni.

Makala za Al-Islah nazo zilikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Mwaka wa 2017 kilitolewa pamoja na tafsiri ya Kiingereza huko Uholanzi, kwa hivyo sasa wanazuoni wa Ulaya wanakisoma yale waliyoandikiwa watu wa Mombasa. Sisi hatuhitaji tafsiri. Si kitabu kikubwa, na mwalimu wetu wa somo la dini anayo nakala moja ambayo yuko radhi kuiazima, mradi irudi na jalada lake.