Carey Francis: Msomi wa Cambridge Aliyechagua Chaki

Kila matokeo ya mtihani wa kitaifa yanapotangazwa, swali huwa ni lile lile: kozi gani ina pesa? Wazazi huliuliza, watahiniwa huliuliza, na hata sisi wahadhiri, ambao tungetarajiwa kuwa na jawabu pana zaidi, huishia kuwatajia udaktari, uhandisi, uanasheria na uhasibu. Ualimu hutajwa mwisho, tena kwa sauti ya chini, kana kwamba ni ghala la kuwahifadhi wale ambao alama zao zimewaangusha. Sina nia ya kuwakejeli wanaouliza. Karo ni ghali, na mtoto wa mkulima aliyesomeshwa kwa michango ya kijiji anabeba mabegani deni la ukoo mzima. Hata hivyo, liko swali jingine ambalo ni nadra kusikika: ni kazi gani ambayo nikiifanya mimi, kwa kipawa hiki nilichojaliwa, watu wengi zaidi watafaidika kuliko nikiifanya nyingine? Yupo mtu aliyelijibu swali hilo humu nchini kwa maisha yake. Wengi wetu tunalijua jina lake pasipo kujua alichokiacha ili aje huku.

Edward Carey Francis alizaliwa London mwaka wa 1897. Vita Vikuu vya Kwanza vilimkuta kijana, akatumikia jeshi la nchi yake katika kikosi cha mizinga. Vita vilipokwisha alisoma katika Chuo cha Trinity, Cambridge, akabobea katika hisabati, na baadaye akapata nafasi ya uhadhiri na utafiti katika Chuo cha Peterhouse huko huko Cambridge. Msomaji asiyeijua nafasi ya aina hiyo na aelewe kwamba ilikuwa kilele cha matumaini ya msomi yeyote wa Kiingereza: mshahara wa hakika, maktaba isiyo na kifani, wanafunzi wateule na heshima ya kudumu. Alichapisha utafiti katika hisabati ya juu, na hakuna aliyetilia shaka kwamba angaliendelea kupanda ngazi.

Mwaka wa 1928 aliyaacha yote hayo. Akajiunga na shirika la kimisionari la CMS, akasafiri hadi Maseno, karibu na mstari wa ikweta, kuwa mkuu wa shule iliyokuwa imeanzishwa mwaka wa 1906. Mshahara wa Cambridge ukageuka kuwa posho ya mmisionari. Bila shaka wako wenzake waliomwona amepotoka. Ubongo wa kufumbua mafumbo ya hisabati, aende kufundisha wavulana kugawanya na kuzidisha?

Hapo ndipo penye kiini cha mjadala wangu, na naomba tupachunguze bila haraka. Cambridge ya wakati huo ilisheheni wanahisabati. J. E. Littlewood, mmoja wa wakubwa wa karne hiyo, alikuwa papo hapo Trinity. Francis alipoondoka, kiti chake hakikukosa mtu wa kukikalia, na thiorema ambazo angalizithibitisha yeye yamkini zilithibitishwa na wengine baada ya mwaka mmoja au miwili. Nyanza ya mwaka wa 1928 haikuwa hivyo. Shule za Waafrika zilizovuka kiwango cha msingi nchini zilihesabika kwa vidole, na walimu wenye shahada waliokuwa tayari kuishi nazo walikuwa adimu zaidi. Angalikataa kuja, si rahisi kumtaja mwingine wa kiwango chake ambaye angalikuja badala yake. Kwa hiyo tusipime kazi kwa ugumu wake wala kwa sifa zake peke yake. Tupime pia pengo ambalo lingalibaki lau mtu huyo hangalikuwapo. Kwa mizani hiyo, somo la kugawanya na kuzidisha pale Maseno lilikuwa zito kuliko makala nyingine katika jarida la Cambridge.

Francis mwenyewe hangalieleza jambo hili kwa hesabu kama nifanyavyo mimi. Alikuwa Mkristo wa imani thabiti, na kwake lilikuwa suala la wito. Neno hili lina utamu wake kwetu sisi tunaoshughulika na lugha. Kazi hutokana na mtu kufanya. Ajira hutokana na mtu kulipwa. Lakini wito, kwa kuwa unatokana na kuita, humlazimu kuwapo anayeita. Muumini atasema ni Mungu. Asiye muumini anaweza kusema ni haja ya watu walio mbele yake. Kwa vyovyote vile, mwenye wito haanzi kwa kujiuliza anataka nini, bali anatakiwa wapi.

Miaka yake kumi na miwili ya Maseno nitaipita upesi, japo si haba. Aliimarisha masomo, akaandika vitabu vya hesabu kwa ajili ya shule za huku, na akaipenda kandanda kiasi cha kuifanya sehemu ya malezi. Jaramogi Oginga Odinga alipitia mikononi mwake, na alipokuja kuandika kumbukumbu zake mwaka wa 1967 alimweka humo mwalimu huyo kwa heshima iliyochanganyika na ugomvi. Mchanganyiko huo, nadhani, ndio haki hasa ya mtu huyu.

Mwaka wa 1940 alihamishiwa Shule ya Upili ya Alliance, Kikuyu, iliyokuwa imefunguliwa mwaka wa 1926, akawa mkuu wake hadi 1962. Orodha ya waliotoka pale ni ndefu. Julius Gikonyo Kiano alisoma pale. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa pale toka 1955 hadi 1958. Bethwell Ogot, kabla ya kuwa bingwa wa historia, alifundisha pale hisabati chini ya Francis. Kenya ilipojipatia uhuru mwaka wa 1963, mawaziri wengi wa baraza la kwanza na makatibu wa wizara walikuwa wamekaa katika madawati ya Alliance.

Tusimfanye malaika. Alikuwa mkali, mwenye kuamini kwamba yeye ndiye anayejua kinachomfaa Mwafrika na lini kimfae. Siasa za ukombozi hazikumpendeza. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, aliwalaani Mau Mau waziwazi. Lakini pia aliwakabili wakubwa wa serikali ya kikoloni kuhusu vipigo na dhuluma za askari wao, jambo ambalo Wazungu wengi wa wakati ule walilifumbia macho. Ngũgĩ, katika kumbukumbu alizozichapisha mwaka wa 2012, anasimulia jinsi alivyorudi likizoni mwaka wa 1955 akakuta boma lao limebomolewa na watu wamesongwa katika kijiji cha kulazimishwa, ilhali kule shuleni kengele ililia kwa saa yake na mchezo wa Shakespeare ukafanyiwa mazoezi kama kawaida. Kuta za Alliance zilimkinga mwanafunzi. Zilimtenga pia na watu wake. Na lugha iliyotawala ndani ya kuta hizo ilikuwa Kiingereza. Mimi niliyejitolea kuitumikia lugha ya Kiswahili siwezi kulipita hilo kimya, kwa kuwa hadi leo tunahangaika kuwashawishi wasomi wetu kwamba fikra nzito zaweza kuandikwa kwa lugha zao.

Je, dosari hizo zinayafuta mema yake? Sioni hivyo. Elimu ni zawadi ya ajabu, kwa maana mpokeaji anaweza kuitumia kinyume na matarajio ya mtoaji. Kalamu iliyonolewa Alliance ndiyo iliyouhoji mfumo ulioijenga Alliance, na tangu miaka ya sabini ikaandika riwaya na tamthilia kwa Kikikuyu. Mtoaji wa kweli hana budi kukubali hatari hiyo.

Wapo watakaouliza: basi sote tuwe walimu? La hasha. Wahenga walisema kutoa ni moyo usambe ni utajiri, lakini hawakusema utajiri hauna kazi. Shule za harambee zilizochipuka kote nchini baada ya uhuru zilijengwa kwa senti za wakulima, wachuuzi na makarani. Daktari au mfanyabiashara anayetenga sehemu ya pato lake kila mwezi kuwalipia karo watoto wasio na mtu huenda akafanya jema kubwa kuliko mwalimu anayeingia darasani akiwa amechelewa na kutoka mapema. Ninachokipinga ni desturi yetu ya kumwona mtoaji katika yule tu anayepunga hundi jukwaani mbele ya wapiga picha. Francis alitoa miaka thelathini na minane. Hakuoa, hakujilimbikizia mali, na sehemu kubwa ya alichokitoa haikuweza kuandikwa kwenye risiti.

Kijana anayechagua mkondo wa masomo leo katika sekondari ya juu, na mwalimu anayemshauri, watanisamehe nikisema kwamba kipindi cha maisha yake ninachokienzi zaidi hakimo Cambridge wala Alliance. Mwaka wa 1962, akiwa na umri wa miaka zaidi ya sitini, alistaafu. Angaliweza kurudi Uingereza akapumzike, wala hakuna ambaye angalimlaumu. Angaliweza pia kuomba cheo katika serikali mpya iliyojaa wanafunzi wake wa zamani. Badala yake alikwenda Pumwani, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, akafundisha katika shule ya sekondari ya watoto wa wanyonge. Hakwenda kama mkuu wa shule. Alikwenda kama mwalimu wa kawaida, chini ya mkuu mwingine, na ratiba yake na madaftari yake ya kusahihisha. Aliyewaongoza mawaziri walipokuwa watoto alikuwa sasa anawafundisha wavulana ambao Alliance isingaliwachukua.

Alikuwa angali mwalimu wa Pumwani alipofariki Julai 1966. Alizikwa Alliance, na kule Pumwani darasa likabaki likimsubiri mwalimu mwingine.