Mwalimu Aliyefundishwa Sokoni

Tunapozungumzia wanawake waliopigania haki ya kupiga kura, akili zetu hukimbilia Uingereza na Marekani. Tukirejea Afrika, tunaruka moja kwa moja hadi siku za uhuru, kana kwamba kura ilimfikia mwanamke wa Kiafrika pamoja na bendera, bila yeye kuinua hata kidole. Dhana hii si ya kweli, nayo inawadhulumu wanafunzi wetu. Shahidi wangu ni mwalimu mwenzetu, Bi Funmilayo Ransome-Kuti wa Nigeria.

Wengi wanamjua kama mama mzazi wa Fela Kuti, yule mwanamuziki mashuhuri. Waliosoma kitabu cha Wole Soyinka kiitwacho Aké wamekutana naye humo pia. Lakini kumjua mtu kwa jina la mwanawe si kumjua. Maisha yake yana fundisho ambalo sisi walimu tunalihitaji.

Alizaliwa tarehe 25 Oktoba, 1900, mjini Abeokuta, kusini magharibi mwa Nigeria, katika jamii ya Waegba ambao ni Wayoruba. Ukoo wake ulitokana na watu waliookolewa utumwani wakarejea nyumbani kutoka Sierra Leone. Mwaka 1914, shule ya sekondari ya Abeokuta, ambayo hadi wakati huo ilikuwa ya wavulana pekee, iliwafungulia wasichana mlango, naye akawa miongoni mwa wa kwanza kuingia. Kutoka 1919 hadi 1922 alisoma Uingereza. Aliporudi alikuwa ameyaacha majina yake ya Kiingereza, Frances Abigail, akabaki na Funmilayo. Alishika chaki, na mwaka 1925 akaolewa na Mchungaji Israel Ransome-Kuti, mwalimu ambaye baadaye alikuwa rais wa kwanza wa chama cha walimu wa Nigeria.

Hadi hapo, huyu alikuwa bibi msomi kama wasomi wengine wa enzi hizo. Mwaka 1932 alisaidia kuanzisha klabu ya wanawake wa Abeokuta. Wanachama wake walikuwa Wakristo wenye elimu na uwezo, nao walikutana kushona, kupika na kujifunza adabu za ugenini. Siasa haikuwamo. Mama mchuuzi wa sokoni hakuwamo vilevile.

Mabadiliko yalianza mwaka 1944, wakati mama mmoja wa sokoni alipoomba afundishwe kusoma. Funmilayo alikubali, na punde akina mama wengine wakajaa darasani. Mwalimu alikuja na alfabeti. Wanafunzi wakaja na malalamiko. Walimweleza jinsi mchele wao ulivyokuwa ukinyang'anywa na watu wa serikali kwa kisingizio cha vita vya dunia, au ukinunuliwa kwa bei ya kutupa. Walimweleza pia habari ya kodi. Katika nchi ya Waegba, mwanamke alitozwa kodi peke yake, mbali na ya mumewe, na msichana alianza kutozwa akiwa na umri wa miaka 15. Aliyeshindwa kulipa alifukuzwa, akakamatwa na kudhalilishwa.

Hapa ndipo ninapoona ukubwa wa mwalimu huyu. Angeweza kuwafundisha kuandika majina yao na kuwaaga. Badala yake aliyapeleka malalamiko yao kwa wakuu na magazetini, na mwaka 1945 unyang'anyi wa mchele ukakoma. Mwaka 1946 klabu ile ya mabibi ikageuzwa kuwa Umoja wa Wanawake wa Abeokuta, na wachuuzi wakawa wanachama sawa na walimu. Inakadiriwa kuwa wanachama walifika 20,000. Yeye mwenyewe aliacha kuvaa gauni la kizungu, akavaa vitambaa vya Kiyoruba kama wenzake. Alipohutubia mbele ya maofisa Waingereza alisema Kiyoruba, wao wakatafuta mkalimani.

Hoja ya umoja huo ilikuwa nyepesi kueleweka: anayelipa kodi ni lazima awe na sauti katika baraza linaloamua kodi hiyo. Waingereza walikuwa wamemkabidhi mfalme wa Waegba, Alake Ademola wa Pili, mamlaka makubwa ya kutawala kwa niaba yao, na katika baraza lake hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Akina mama waliandika barua za malalamiko. Waliajiri mhasibu akague hesabu za utawala huo. Walikwenda mahakamani, na wengine walikataa kulipa wakatiwa kizuizini. Mwaka 1947 Funmilayo alisafiri hadi London na ujumbe wa chama cha NCNC, akiwa mwanamke pekee kati yao, na akaandika katika gazeti moja la huko kwamba ukoloni ulimpunguzia mwanamke wa Nigeria hadhi aliyokuwa nayo zamani. Mwishoni mwa mwaka huo maelfu ya wanawake walikesha nje ya kasri la Alake wakiimba nyimbo za kumkejeli. Polisi walipokataza maandamano, akina mama walisema wanakwenda kustarehe tu, wakaendelea na safari.

Mwaka 1948 kodi ya wanawake ilisimamishwa. Januari 1949 Alake alijiuzulu na kuondoka katika kiti, ingawa alirejeshwa mwishoni mwa 1950. Katika baraza jipya wanawake wanne walipewa viti, Funmilayo akiwa mmoja wao.

Ushindi wa kijiji haukumtosha. Mwaka 1949 umoja ule ulipanuliwa ukawa wa Nigeria nzima, na mwaka 1953 mkutano mkuu wa vyama vya wanawake uliofanyika Abeokuta ukadai kura kwa kila mtu mzima na uchaguzi wa moja kwa moja. Dai hilo lilikubaliwa vipande vipande. Wanawake wa mashariki mwa Nigeria walipiga kura katika miaka ya hamsini. Wa magharibi wakawekewa kwanza sharti la kodi. Wa kaskazini walinyimwa kabisa, hata baada ya uhuru wa 1960. Hawakuipata haki hiyo hadi mwaka 1976.

Naye mwenyewe hakuwahi kuonja utamu wa ubunge. Alishindwa mwaka 1951. Mwaka 1957 serikali ilikataa kumpa pasipoti mpya kwa kuwa alikuwa amezuru nchi za kikomunisti. Mwaka 1959 chama alichokitumikia kilimnyima nafasi, akagombea peke yake na kushindwa tena. Februari 1977, katika utawala wa kijeshi, askari walivamia nyumba ya Fela jijini Lagos, na bibi huyo mwenye miaka 76 akatupwa kutoka dirisha la ghorofani. Uchunguzi wa serikali ukaitupa lawama kwa askari asiyejulikana. Hakupona, alifariki tarehe 13 Aprili, 1978.

Msomaji huenda akauliza, haya yanatuhusu nini sisi Wakenya? Yanatuhusu sana. Mwafrika wa Kenya aliporuhusiwa kuwachagua wawakilishi wake kwa mara ya kwanza, Machi 1957, kura ilipimwa kwa masomo, mapato na mali, na waliojaaliwa zaidi waliweza kupewa hadi kura tatu. Mama asiyesoma wala kulipwa mshahara alibaki nje, hata kama jasho lake shambani ndilo lililolipa kodi ya nyumba. Hakuwa mjinga wa siasa. Mwaka 1948, wakati wenzake wa Abeokuta walipokuwa wakipambana na kodi, wanawake wa Murang'a walikataa kazi ya shuruti ya kuchimba matuta. Walijua walichokitaka kabla ya mtu yeyote kuwapa karatasi ya kura.

Tena safari haijakwisha. Katiba yetu ya 2010 yasema jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa, na mwaka 2020 Jaji Mkuu alishauri Bunge livunjwe kwa kushindwa kutunga sheria ya kulitimiza hilo. Bunge lililochaguliwa mwaka 2022 nalo halikufikia kiwango hicho.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu: tukifundisha habari za haki ya kura, tusiifundishe kama zawadi ya wasomi kwa wasiosoma. Funmilayo alikuwa na elimu ya Uingereza, lakini hakujua pa kuielekeza hadi alipowasikiliza wauza mchele. Nanyi wanafunzi, mkirudi nyumbani likizo, waulizeni nyanya zenu walipiga kura lini kwa mara ya kwanza, na kabla ya hapo sauti yao ilisikika wapi. Majibu yao ni historia, nayo yanastahili kuandikwa daftarini kama tarehe nyingine zozote.