Laurens Hammond, mutengenezaji wa vinanda mwenye hakujua kupiga kinanda

Mu nyumba nyingi za huku Lubumbashi, kuko kinanda cha umeme pembeni ya televizyo, kimefunikwa na kitambaa juu ya vumbi. Mutoto anakipigaka akitoka ku masomo. Baba anakifungua siku ya posho jioni, anatia ngoma ya rumba yenye iko ndani, anagusa akordi na mukono wa kushoto, na mara moja besi na gitaa zinamufuata sawa vile orkestre nzima. Sasa vijana wanatuuliza: juu ya nini kutoa feza nyingi kwa kinanda cha namna ile, wakati programu ya kutia mu ordinatere inafanya kazi ileile kwa bei ya chini? Swali ni la leo. Lakini mumoja wa wale wenye walifungua hiyo njia alizaliwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, na yeye mwenyewe hakujua kupiga kinanda.

Jina lake ni Laurens Hammond. Alizaliwa tarehe 11 Mwezi wa 1, mwaka wa 1895, mu Evanston, karibu na Chicago, Marekani. Baba yake, mutu wa banki, alikufa mwaka wa 1897. Mama alikuwa muchoraji; akachukua watoto, akaenda kuishi Ufaransa. Kwa hiyo Hammond alikomaa akisema Kifaransa, sawa vile watoto wetu wengi. Familia ilirudia Evanston wakati alikuwa na miaka 14. Mu ile miaka kijana huyo alichora mashini ya kubadilisha vitese za motokari bila dereva kujisumbua. Mama akamushauria atume michoro yake kwa Renault. Renault ikakataa. Tunapenda hiyo habari kwa sababu inaonyesha wazo lenye halikumutoka tena: mashini ifanye yenyewe ile kazi yenye kuchokesha mikono na miguu, mutu abakie na kazi ya kuongoza.

Alimaliza masomo ya mashini ku chuo kikubwa cha Cornell mwaka wa 1916, akaenda mu vita kule Ufaransa pamoja na jeshi la Marekani, kisha akafanya kazi mu kiwanda kimoja cha mota mu Detroit. Hakukawia pale. Alitengeneza saa yenye haisikike sauti, na feza yenye ilitoka mu ile saa ikamuwezesha kujitegemea. Mwaka wa 1922, mu New York, alionyesha sinema yenye picha zake zilionekana kama zinatoka mu ukuta. Kila kiti kilikuwa na kioo chake chenye mota ndogo ya kufungua na kufunga mbele ya macho, pamoja kabisa na mashini ya sinema. Watu walishangaa. Lakini hakuna sinema ingine yenye ilikubali kulipa vyombo vyote vile, na kazi ikafia paka pale.

Ile mota ndogo ndiyo iliyobakia, na hapa tunaomba musomaji avumilie kidogo, kwa sababu kila kitu chenye kinafuata kinatoka humo. Umeme wa mu nyumba hautembei upande mumoja. Unaenda na kurudia. Mu Marekani unafanya vile mara 60 kwa sekunde moja, huku kwetu mara 50. Mota ya Hammond ilizunguka sawasawa na ile hesabu, haipite mbele, haibakie nyuma. Kama umeme wenye unatoka ku kiwanda ni wa hesabu ya kweli, mota nayo haidanganye. Mwaka wa 1928 alianzisha kampuni ya saa za umeme mu Chicago. Saa ziliuzwa muzuri, mpaka wakati magumu ya uchumi yalikuja na wachuuzi wa saa wakawa wengi kupita wanunuzi. Akajaribu meza ya kucheza karata yenye kugawanya karata yenyewe. Meza ile ilisaidia kidogo tu.

Mwaka wa 1933 alinunua piano ya zamani, akatosha vitu vyote vya ndani, akabakisha paka vibao vyeupe na vyeusi. Chini yake alitia magurudumu madogo ya chuma yenye meno. Gurudumu linazunguka karibu na sumaku yenye kuzungushiwa waya. Kila jino likipita, umeme kidogo unatikisika mu waya, na ule mutikisiko ukifika ku opalere unakuwa noti. Magurudumu yalikuwa 91, na yote yalizungushwa na ile mota ya saa. Wazo la gurudumu halikuwa lake peke yake: Muamerika mwingine, Thaddeus Cahill, alikwisha kulijaribu mbele, lakini mashini yake kubwa ilikuwa na uzito wa karibu tani 200. Hammond alilifikisha mu nyumba. Na kwa kuwa hakujua muziki, alitegemea masikio ya mufanyakazi wake mumoja, mwenye kushugulika na feza za kampuni, mwenye alikuwa pia mupiga kinanda wa kanisa.

Aliomba cheti cha uvumbuzi mu Mwezi wa 1 mwaka wa 1934, akakipata mu Mwezi wa 4 uleule. Mwaka wa 1935 kinanda kilionyeshwa mu New York. Henry Ford alikitaka, George Gershwin alinunua chake. Mu miaka mitatu ya kwanza, makanisa zaidi ya 1.750 yalikinunua, sana sana yale yenye hayakuweza kulipa kinanda kikubwa cha mabomba.

Ndipo mashitaka yakaanza. Serikali ya Marekani, kupitia tume yake ya biashara, ilisema kampuni inadanganya watu: sanduku lenye magurudumu haliwezi kuitwa sawa na kinanda cha mabomba. Mwaka wa 1937 wakafanya jaribio mu kanisa la Chuo Kikubwa cha Chicago. Watu walikaa, wakasikiliza kinanda cha mabomba na kile cha Hammond bila kuona ni kipi chenye kinapigwa. Wanamuziki walikosa karibu mara moja kwa kila mara tatu. Wanafunzi walikosa karibu nusu, ni kusema walikuwa wanabahatisha tu. Hata vile, mwaka wa 1938 kampuni ilikatazwa kusema kwamba kinanda chake kinaweza kutoa sauti zote za mabomba. Sisi tunaona tume ilikuwa na haki ku maneno, na Hammond alikuwa na haki ku masikio.

Lakini turudilie ile mota. Ndiyo iliyofanya kinanda cha Hammond kisihitaji kutengenezwa sauti hata siku moja, na ndiyo pia kamba ya shingo lake. Kileta kinanda cha hesabu ya 60 huku kwenye hesabu ya 50: noti zote zinashuka nafasi tatu, na muzikaji mwenye anapiga Do atasikia La. Kitie ku grupe yenye inakohoa: wimbo wote unapanda na kushuka pamoja na grupe. Kila mutu wa huku mwenye alisikia kwaya ikitafuta sauti mu giza anaelewa kitu hicho bila mwalimu.

Kisha vita ya pili, yenye kampuni ilitengenezea jeshi vyombo vya kuongoza silaha, Hammond aliangalia mutu mwenye hakumusahau kamwe: mutu kama yeye, mwenye anapenda muziki na hajui kuupiga. Mwaka wa 1950 kampuni yake ikatosha kinanda chenye butoni 96 upande wa kushoto. Butoni moja ni akordi moja muzima. Kidole kimoja kinabonyeza, na miguu iko na vibao viwili tu vya besi, vyenye vinajua vyenyewe ni noti gani zinaenda na ile akordi. Mukono wa kuume unapiga wimbo, basi. Ngoma zenye kujipiga zilikuja mwaka wa 1959 ku kampuni ingine, Wurlitzer. Ukiunganisha hayo mawili, unapata kinanda cha baba wa siku ya posho.

Na hapa tunaweza kujibu vijana. Mu butoni za Hammond, mukono unaenda mbele na mashini inafuata. Programu nyingi za ordinatere, sawa vile Band-in-a-Box yenye ilitoka mwaka wa 1990, ziliundwa kwa njia ingine: unaandika kwanza akordi za wimbo wote, kisha programu inapiga na wewe unaifuata. Kwa mutu mwenye kujifunza ku nyumba, ile ni musaada mukubwa, na bei yake ni ndogo. Lakini mama mumoja akisimama mu kanisa na kuanza wimbo wenye hakuna mutu alitangaza, ku sauti yenye anapenda yeye, programu ya namna ile inabakia inangojea. Kuko programu zenye kufuata mukono. Hizo nazo zinaomba ordinatere yenye nguvu, ama sivyo unagusa leo na sauti inakuja kesho. Mutu mwenye anapigia wengine anunue kinanda, na achague kile chenye kukubali batri. Mwenye anajipigia peke yake, programu inamutosha.

Hammond aliacha uongozi wa kampuni mwaka wa 1955, akapumuzika kabisa mwaka wa 1960, na alikuwa na vyeti vya uvumbuzi 90. Mu maisha yake yote alikataa opalere yenye kuzunguka ya Donald Leslie, hata kama wapigaji hawakutaka ingine. Pia mafundi wake walihangaika miaka mingi kuondoa ule mulio mudogo, tik, wenye ulisikika kila mara kidole kikigusa kibao. Kwao ulikuwa kosa la mashini. Wapiga jazi na waimbaji wa kanisa waliupenda.

Alikufa mu Mwezi wa 7 mwaka wa 1973, mu Cornwall, Connecticut, na miaka miwili kisha kifo chake kiwanda hakikutengeneza tena vinanda vya magurudumu. Leo, mu programu zenye zinaigiza kinanda chake, kuko mahali pa kuongeza ile tik, na wenye kuziuza wanaisifu.