Yoshua mwana wa Nuni, aliyepewa fungu la mwisho

Sisi madereva wa masafa marefu kutoka Mombasa tunaijua Malaba kuliko tunavyowajua wajomba zetu. Mwaka 2020, wakati kila dereva alipolazimika kupimwa korona kabla ya kuvuka kuingia Uganda, foleni ya malori ilirudi nyuma kilomita nyingi. Waliogeuza kwenda Busia walikuta mambo ni yale yale. Ndani ya kabini nilikuwa na kitabu kimoja tu, Biblia, nami nikakaa na Yoshua. Ndugu zetu Waislamu hapa Pwani wanamjua kama Yushaa bin Nuni, kijana aliyemfuata Nabii Musa.

Alikuwa wa kabila la Efraimu, na jina lake la kwanza ni Hoshea. Musa ndiye aliyembadilishia. Vita vyake vya kwanza vilikuwa dhidi ya Waamaleki, huko Refidimu. Kisha akawa mmoja wa wapelelezi 12 waliotumwa Kanaani. Kumi walirudi wakitetemeka, yeye na Kalebu wakashikilia kwamba nchi inaingilika, na nusura wapigwe mawe. Kwa woga wa wengine taifa zima likazungushwa jangwani miaka 40, naye akiwemo. Hapo nilifunga kitabu kidogo. Mtu amesema kweli, lakini anawekwa foleni moja na waliokosea, na sijaona palipoandikwa kwamba alinung'unika.

Musa alipofariki, mzigo ukawa wake. Aliwavusha watu Yordani wakati wa mavuno, mto umefurika. Yeriko kila mtu anaijua, naipita. Ai ndiyo iliyonichoma. Walipigwa wakakimbia, wakafa watu 36, kwa sababu Akani alikuwa ameficha nyara hemani mwake. Yoshua alirarua mavazi yake, akalala kifudifudi mpaka jioni. Mwanzoni alimlilia Mungu kana kwamba kosa ni la kuvuka mto, lakini alipoambiwa tatizo liko kambini, aliamka alfajiri akalitafuta kambini, kabila kwa kabila, nyumba kwa nyumba.

Halafu wakaja Wagibeoni, na hapa nilicheka peke yangu. Walivaa viatu vyenye viraka, wakabeba mikate iliyokauka na kuingia ukungu, na viriba vilivyopasuka, wakadai wametoka nchi ya mbali. Yeyote aliyekaa Busia akaona karatasi za kughushi za asili ya mzigo anaijua mbinu hiyo. Yoshua hakuuliza vya kutosha, akala kiapo nao. Siku tatu baadaye ikabainika ni majirani kabisa. Watu wakanung'unika, lakini hakukivunja kiapo chake. Aliwaweka kuwa wakata kuni na wachota maji. Na wafalme watano walipowavamia hao hao waliomdanganya, alitembea usiku kucha kutoka Gilgali kwenda kuwaokoa.

Wafalme aliowashinda wanahesabiwa 31. Nchi ikagawanywa kwa kura, kabila baada ya kabila. Yeye alipewa sehemu yake baada ya wote: mji wa Timnath-sera, milimani kwa Efraimu, ambao ilibidi aujenge kwanza ndipo akae. Alifariki akiwa na miaka 110, akazikwa huko huko.

Niliisoma mistari hiyo ya sura ya 19 usiku, kwa mwanga wa simu. Simu ile ile ndiyo tajiri wetu aliyoitumia kutuma pesa za chakula. Tulikuwa malori sita na mimi ndiye kiongozi wa msafara. Pesa zilikuwa pungufu. Nilikuwa nimekata fungu langu kwanza, kamili, nikawagawia wenzangu yaliyobaki na kuwaambia ndizo zilizotumwa.

Kulipokucha nilitembea gari hadi gari nikieleza na kurudisha. Wanne walipokea, mmoja akanitania, tukanywa chai. Wa tano, mzee aliyenifundisha kuendesha trela, alizihesabu mara mbili, akazitia mfukoni, akapandisha kioo. Tulivuka siku mbili baadaye. Safari iliyofuata aliomba apangiwe msafara mwingine.