Padre Mendel na njegere zake

Sisi tunaosoma falsafa tunaijua hofu ya mtihani, na labda ndiyo sababu tulimpenda Padre Gregor Mendel kwanza pale alipoanguka. Mwaka 1850 alifanya mtihani wa ualimu akashindwa. Miongoni mwa majibu yaliyomwangusha yalikuwamo ya elimu ya wanyama!

Alizaliwa mwaka 1822 katika familia ya wakulima, Heinzendorf, kijiji kilichomo leo katika Jamhuri ya Cheki. Baba yake alipoumia, pesa za masomo zikawa shida, na mdogo wake Theresia akatoa sehemu ya mali aliyowekewa kwa ndoa yake ili kaka aendelee. Mwaka 1843 aliingia abasia ya Waagustino ya Brno, akapadrishwa mwaka 1847. Baada ya ule mtihani, wakubwa wake hawakumtupa. Walimpeleka Chuo Kikuu cha Vienna.

Mwaka 1856 alianza kuchavusha njegere katika bustani ya abasia. Alifungua ua kabla halijakomaa, akaondoa sehemu za kiume, akapaka chavua ya mmea mwingine, kisha akalifunika kwa kifuko wadudu wasiingie. Sisi tumejaribu kwenye bustani yetu. Maua matatu ya kwanza tuliyararua. Yeye alifanya hivyo miaka minane, kwa mimea elfu nyingi, na alihesabu. Alipochanganya njegere za mviringo na zilizokunjamana, kizazi cha kwanza chote kilikuwa cha mviringo. Katika kizazi cha pili mikunjo ilirudi: mbegu 5,474 za mviringo, 1,850 zilizokunjamana. Karibu tatu kwa moja. Kilichofichika kwa wazazi hakikuwa kimepotea.

Alisoma matokeo yake mbele ya wanasayansi wa Brno mwaka 1865, yakachapishwa mwaka uliofuata. Wachache sana waliyajali. Mtaalamu Carl Nägeli alimhimiza ajaribu mmea uitwao Hieracium, ambao, bila wao kujua, mara nyingi hutoa mbegu pasipo kuchavushwa. Hesabu zikakataa, macho yakachoka.

Mwaka 1868 alichaguliwa kuwa abate. Miaka yake ya mwisho ilimezwa na ugomvi na serikali juu ya kodi ya abasia. Alifariki tarehe 6 Januari 1884.

Mwaka 1900 Hugo de Vries na Carl Correns, kila mmoja kwa majaribio yake, walifikia matokeo yaleyale, na ndipo makala ya padre wa Brno ilipofunguliwa tena.