Likizo katika Njia ya Lumumba

Likizo kubwa ya mwaka huu nataka kufuata njia ya Patrice Lumumba. Wengine wangeanzia Onalua, kule Sankuru, alikozaliwa tarehe 2 Julai 1925. Mimi ninaanzia hapa Kisangani, maana hapa ndipo siasa yake ilipoota mizizi.

Alifika mwaka 1944, mji ukiitwa Stanleyville, akawa karani. Posta ilimpa mshahara. Vyama vya Wakongo waliosoma vilimzoeza kuongoza. Mwaka 1956 alikamatwa kwa ajili ya fedha za posta. Alipotoka gerezani alihamia Léopoldville, akauza bia, na Oktoba 1958 akawa kati ya walioanzisha MNC. Oktoba 1959 alirudi huku kwa mkutano wa chama. Ghasia zikazuka, watu wakauawa, naye akafungwa tena. Juni 1960 alikuwa waziri mkuu.

Alipopinduliwa, Novemba 1960, alitoroka Léopoldville akielekea mji huu, kwa watu wake. Hakufika. Alikamatwa Kasai, kwenye mto Sankuru, na tarehe 17 Januari 1961 aliuawa Katanga. Safari ile ilikamilika Juni 2022, jeneza lenye jino lake moja lilipopitishwa hapa kabla ya kuzikwa Kinshasa.

Kwa hiyo nitatembea mitaani na daftari, kisha nifuate njia hadi Sankuru. Wazee walioshuhudia mwaka 1959 wamebaki wachache. Mwanafunzi wa lugha anayeahirisha kuwasikiliza atakuta kaburi tu, na kaburi halisimulii.